Miongozo ya kutengeneza kamera za filamu: ipi uichape, ipi uiache mtandaoni

Anayetafuta mwongozo wa kufungua Pentax K1000 au Canon AE-1 akiwa Kampala hana duka la kuingia akauliza. Vitabu hivi havipo rafuni, viwanda vilivyoviandika viliacha zamani kuzihudumia kamera hizo, na karibu kila kinachopatikana ni faili iliyopigwa skani na mtu wa ng'ambo. Kwa hiyo tunachokipima hapa ni faili, pamoja na vitabu vichache vya karatasi vya kuagiza kutoka nje: kipi kinamsaidia fundi mezani, na kipi kinajaza simu tu.

Hukumu tuitoe mapema. Mwongozo wa kiwandani, ule ambao kila mtu anausaka, ni wa tatu kwa umuhimu. Wa kwanza ni masomo yanayoeleza mashine inavyofanya kazi. Wa pili ni mchoro wa vipuri wa kamera yenyewe. Mwenye hivyo viwili anaweza kutengeneza kamera nyingi bila hicho cha tatu. Mwenye cha tatu peke yake mara nyingi huishia na kamera iliyofunguliwa vizuri na kisanduku cha skrubu asizojua zilitoka wapi.

Majina yanayochanganya

Hapa ndipo bando huliwa bure. Ukiandika "manual" na jina la kamera, utaletewa kitabu cha mtumiaji: jinsi ya kuweka filamu, betri gani, spidi zipi. Kwa vitabu vya aina hiyo tovuti ya Butkus haina mpinzani. Ni bure, inaomba mchango mdogo, na ina kamera ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau. Usikidharau kitabu hicho kwa kuwa si cha fundi. Kinakuepusha na kutengeneza kisichoharibika. AE-1 isiyo na betri haifyatui kabisa, na si ugonjwa, shata yake (kizibo kinachofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu) ni ya umeme. K1000 isiyo na betri inafyatua kama kawaida, mita ya mwanga tu ndiyo inayolala. Mteja akilalamika kuwa K1000 yake "inakula betri", mwulize kwanza kama anaiweka na kifuniko cha lenzi. Kamera hiyo haina swichi ya kuzima mita, na giza la kifuniko ndilo swichi yenyewe.

Unachotaka mezani kinaitwa "service manual" au "repair manual", na mchoro wa vipuri ni "parts list" au "parts catalog". Tafuta kwa maneno hayo, uongeze jina kamili la kamera. Canon AE-1 na AE-1 Program si faili moja, na Nikon FM si FM2. Faili nyingi hizi ziko Internet Archive na kwenye tovuti ya Learn Camera Repair. Kuna wauzaji wa minada ya mtandaoni wanaochoma faili hizo hizo kwenye CD na kuziuza kwa dola. Kabla ya kumlipa yeyote, tafuta kwanza jina la faili lilivyo, maana mara nyingi ukurasa wa kwanza wa matokeo unakupa kitu kile kile bure.

Mwongozo wa kiwandani: dhahabu kwenye namba, ukimya kwenye hatua

Uliandikwa kwa fundi ambaye kampuni ilikwisha kumfundisha, mwenye zana za kampuni kwenye droo. Ndiyo maana kazi inayoweza kukumalizia mchana mzima huandikwa kwa mstari mmoja: ondoa kifuniko cha juu. Namna ya kukiondoa haisemwi. Kwenye kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 utaratibu ni huu: fungua mlango wa nyuma, zuia uma wa mhimili wa kurudishia filamu kwa bisibisi nene, kisha zungusha kitasa kinyume na saa mpaka kitoke. Kofia ya mkono wa kusogezea filamu huondoka kwa kuikandamiza na kuizungusha kwa kipande cha mpira. Gurudumu la spidi lipige picha likiwa kwenye namba unayoijua, ndipo ulegeze skrubu zake ndogo za pembeni. Skrubu za kifuniko zinafuata baada ya hapo. Angalia pia skrubu zilizo karibu na mkono wa filamu: baadhi zina nyuzi za kinyume, na mchoro mzuri huzitia alama. Ukilazimisha upande usio wake, inakatika.

Shida ya pili ni zana. Miongozo ya Nikon hutaja zana kwa namba zinazoanza na herufi J, kana kwamba ziko dukani hapo nje. Ya kufungulia pete za lenzi na za kifuniko si lazima uagize: mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, wanaweza kukunolea bikari ya chuma ngumu iwe na ncha mbili bapa zenye skrubu ya kukaza katikati. Waambie ncha ziwe na unene wa milimita 1 hivi na zisitanuke kuelekea chini, la sivyo zitapanda juu ya ukingo wa pete na kuchora kioo.

La tatu halimo kwenye mwongozo wowote wa Kijapani tunaoujua, kwa sababu kwao lilikuwa la kawaida mno kulitaja. Skrubu zao za nyota ni za JIS, kipimo cha viwanda vya Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai kitako ndani yake, inaning'inia kwenye kuta, kisha inaruka na kula kichwa cha skrubu. Agiza bisibisi za JIS za ukubwa wa 000, 00 na 0. Zikichelewa, chukua za kawaida na usugue ncha kidogo kwa jiwe laini mpaka ifike chini ya tundu. Skrubu iliyofungwa kwa rangi, ipe tone la asetoni kwa sindano, subiri dakika chache ndipo ugeuze. Asetoni isiguse plastiki wala maandishi ya kifuniko.

Basi kwa nini tuuhifadhi mwongozo huu? Kwa sababu ya namba. Umbali kutoka uso wa mlango wa lenzi mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5 kwa Nikon F, 45.46 kwa Pentax za K na za skrubu ya M42, 43.5 kwa Minolta za SR, na 42 kwa Canon FD. Mwongozo unakupa na kiasi kinachovumiliwa, ambacho huwa sehemu ndogo sana za milimita. Vernia ya kawaida ya karakana inasoma hatua za 0.02 au 0.05, kwa hiyo haitoshi kuhakikisha kipimo hicho. Dawa ni kutokivuruga: ukivua mlango wa lenzi, angalia vipande vyembamba vya bati chini yake, kila kimoja kirudi palepale kwa skrubu ileile. Viweke kwenye karatasi iliyochorwa duara na namba za skrubu.

Hitilafu moja, miongozo miwili

Tofauti ya vitabu hivi huonekana vizuri kwenye ugonjwa mmoja: kamera ya mapazia ya kitambaa inayotoa picha yenye upande mmoja mweusi kwenye 1/1000.

Mapazia ni mawili na yanakimbia kwa mlalo. Kwenye spidi kubwa filamu inapata mwanga kupitia ufa ulio kati yao. Fremu ina upana wa milimita 36. Ikiwa pazia linaivuka kwa milisekunde 12, linakwenda milimita 3 kwa kila milisekunde, kwa hiyo ufa wa 1/1000 ni milimita 3 tu. Pazia la kwanza likichelewa milisekunde 1 njiani, la pili linalikamata na ufa unafunga. Kwenye 1/250 ufa ni milimita 12, kupoteza 3 hakuonekani sana, na mteja anasema kamera "inaharibu picha za juani tu".

Mwongozo wa kiwandani unasema: pima muda mwanzoni, katikati na mwishoni mwa fremu, na ukitoka nje ya kiwango rekebisha mvutano wa springi. Ni kweli, ila hausemi kwa nini pazia limechelewa. Kiwanda kilikuwa kinashughulika na kamera za miaka michache, wakati yako ina miaka 40 au zaidi. Fundi mwenye haraka anakaza springi ya pazia la kwanza, spidi zinarudi, kamera inaondoka. Grisi iliyoganda bado imo kwenye ncha za rola. Baada ya muda ugonjwa unarudi, na safari hii springi imeshakazwa kupita kiasi na hakuna nafasi ya kurekebisha.

Masomo ya shule ya National Camera, tutakayoyaeleza hapa chini, yanakuanzisha kwingine. Kwanza safisha. Fungua bati la chini, tia tone dogo la petroli ya laita kwenye ncha za mihimili ya rola kwa sindano, fyatua mara 20 hadi 30, acha ikauke, pima tena. Kamera nyingi hupona hapo. Ikikauka na kukimbia vizuri, weka mafuta mepesi ya saa kiasi cha ncha ya pini. Springi inaguswa mwisho kabisa, kwa robo mzunguko au chini ya hapo, huku ukishikilia gia ya kufungia. Ukiiachilia, springi inafunguka yote kwa sekunde moja na utaanza kuhesabu mizunguko upya bila kujua ilikuwa mingapi. Iandike kabla hujaigusa.

Kifaa cha kupimia si lazima kiwe cha kiwanda. Fototransista iliyounganishwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, pamoja na programu ya bure ya kurekodi sauti kama Audacity, inatosha. Weka taa ya betri mbele, maana balbu ya umeme wa ukutani inapepesa na kukuchorea milima ya uongo. Ukisoma milisekunde 1.0 mwanzoni, 0.7 katikati na 0.4 mwishoni, hilo ni pazia linalokamatwa. Theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), ambayo ni uvumilivu wa haki kwa kamera ya umri huu, ni kati ya 0.8 na 1.26. Kipimo hiki cha sauti hakichoki, lakini tundu la fototransista likiwa pana kuliko ufa, namba za 1/1000 zinakuwa za kukisia. Lifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la pini.

Masomo ya National Camera

Hii ilikuwa shule ya Marekani, huko Englewood, Colorado, iliyofundisha ufundi wa kamera hata kwa njia ya posta. Masomo yake yamepigwa skani na kusambazwa, na kwa fundi anayeanza ndiyo bora kuliko vyote tulivyoviweka mezani. Yanaanza na kanuni: kwa nini pazia linahitaji breki mwisho wa safari, kwa nini kioo cha ndani kinachoakisi picha kisipopanda hadi mwisho shata haifyatuki, gia ya kuchelewesha inafanyaje 1/8 kuwa 1/8. Baada ya masomo ya aina moja ya shata, kamera ambayo hujawahi kuiona haikutishi tena.

Kasoro zake ni za umri. Skani nyingine ni za kijivu na picha zimeungua, hasa zile zilizotolewa kwenye nakala ya nakala. Faili ni nzito, kwa hiyo ipakue ukiwa kwenye mtandao wa ofisi au wa chuo, si kwa bando la siku. Kamera zenye kulenga zenyewe hazimo. Kiingereza chake ni chepesi, kimeandikwa kwa mwanafunzi aliye peke yake mezani, na hilo linatufaa sisi ambao hatuna mwalimu wa kumwendea. Tafuta masomo ya shata za mapazia na ya shata za katikati ya lenzi. Mengine unaweza kuyaacha kwa sasa.

Vitabu vya karatasi

Juzuu mbili za Thomas Tomosy, Camera Maintenance & Repair, ndizo zinazotajwa kila mahali. Juzuu ya kwanza ni nzuri kwa zana, kemikali na tabia ya mkono. Anapopita kwenye kamera moja moja, kurasa ni chache na picha nyeusi-na-nyeupe ni ndogo. Unaona kidole na bati, huoni skrubu. Ukiagiza kilichotumika, mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa yaliyomo kwanza. Kama kamera unazokutana nazo hazimo, nauli ya kukisafirisha itazidi faida yake.

Kwa kamera za Kisovieti, Zenit, FED, Zorki na Kiev, kuna kitabu cha Isaak Maizenberg kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, na hapa tunasifu bila kusita. Michoro yake ni ya mistari, si picha, kwa hiyo hata nakala mbaya inasomeka. Anafuata hitilafu kutoka dalili hadi kipande. Kinachohitaji tahadhari ni desturi ya kamera zenyewe: vipande viwili vya namba moja si lazima vikae bila kupigwa tupa, na kwenye FED, Zorki na Zenit-E gurudumu la spidi hugeuzwa baada ya kuvuta shata, si kabla. Mita ya Zenit-E ni ya seleniamu, haina betri. Seli yake ikifa imekufa, na hakuna ukurasa wa kitabu chochote utakaoifufua.

Usipoipata faili, tafuta ndugu yake

Hili ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko yote. K1000 ilizaliwa kwa kuipunguzia vitu Pentax KM, nayo KM inatokana na Spotmatic. Mwongozo wa yoyote kati ya hizo unakufikisha kwenye shata ya K1000 bila kupotea. Canon AE-1, AE-1 Program, AV-1, AT-1 na A-1 zina mifupa ya ukoo mmoja. Yashica FX-3, Nikon FM10, Olympus OM-2000 na Canon T60 zilitengenezwa na Cosina, kwa hiyo anayekwama na FM10 atafute za hao wengine.

Shata nazo zina koo zake. Copal Square ilifungwa kwenye Nikkormat na kwenye kamera za kampuni nyingine kadhaa. Kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica-Mat zinatumia shata za katikati, Compur kwa moja na Copal kwa nyingine. Kwa hizo tafuta mwongozo wa shata wenyewe, kamera ni sanduku tu. Shata hizo hukimbia zikiwa kavu kwenye mabawa, vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga. Mwongozo unaokuambia utie mafuta unamaanisha mihimili ya gia, na tone likifika kwenye mabawa yatanatana kama karatasi mbili zenye maji.

Minolta SR-T inahitaji onyo lake. Ndani yake kuna nyuzi na puli zinazounganisha gurudumu la spidi, lenzi na sindano ya mita. Mwongozo wa SR-T usio na mchoro wa nyuzi hizo usiuchape kabisa, na ukiwa nao, piga picha za njia ya uzi kutoka pande tatu kabla ya kulegeza chochote.

Kuipima faili kabla ya kuilipia

Fungua ukurasa wa mchoro wa vipande na uvute mpaka namba ndogo zionekane. Kama 3 na 8 hazitofautiani, skani haifai. Chini ya nukta 300 kwa inchi michoro hii hufa. Kisha angalia kama kurasa za kukunjua zimo. Waskani wengi huzikata au huzipiga nusu, na huko ndiko michoro ya umeme ilikokuwa. Tafuta jedwali la viwango vya kurekebisha. Faili yenye kurasa nyingi za kufungua na hakuna hata moja ya vipimo ni nusu ya mwongozo. Linganisha pia namba za kamera zilizotajwa mwanzoni na ya kwako, kwa sababu viwanda vilibadilisha sakiti katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina. Miongozo ya Kijapani na Kirusi usiikatae kwa lugha. Mchoro na namba havihitaji tafsiri, na maneno machache yaliyobaki simu inayasoma kwa kamera yake.

Mwongozo wa zamani unapokudanganya bila kukusudia

Betri ndiyo ya kwanza. SR-T 101, Nikkormat FTn na Olympus OM-1 zilipimwa kwa betri ya zebaki ya PX625, volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5 na kufuata mwongozo neno kwa neno, utarekebisha mita ili ilingane na uongo wa betri, na betri ikishuka mita itashuka nayo. Njia rahisi ni betri ya kifaa cha kusikia, namba 675, yenye volti 1.4 thabiti, ndani ya pete ya kuijaza nafasi. Haidumu kama ile ya zamani. Njia ya kudumu ni diodi ya Schottky ndani ya waya wa betri pamoja na betri ya fedha ya volti 1.55. Spotmatic ya mwanzo ilikuwa na betri ya zebaki pia, lakini sakiti yake ya daraja haijali sana volti, kwa hiyo usihangaike nayo.

Miongozo inadai sanduku la mwanga lenye viwango vilivyohakikishwa. Badala yake, saa sita mchana chini ya anga safi lisilo na wingu, kitu cha kijivu kilicho juani kinapaswa kusoma karibu na f/16 kwa 1/125 kwenye ISO 100. Kwa mwanga hafifu linganisha na kamera ya dijitali inayoaminika, zote zikielekea ukuta mmoja. Hapo unaona kama mita inakosea kwa kiasi kilekile kote au inapinda upande mmoja. Kosa la kwanza ni la kizuizi kimoja cha kurekebisha, la pili ni la seli au kaboni iliyochoka.

Mafuta yametajwa kwa namba za kiwanda ambazo hakuna muuzaji anayezijua. Mafuta mepesi ya saa, kwa mfano ya Moebius, yanafaa mihimili ya kasi, na mafundi wa saa wa mjini ndio wa kuulizwa. Grisi yenye molibdenamu inafaa panapoteleza chuma kwa chuma kwa nguvu. Mafuta ya cherehani yanatambaa, na mwishowe yanafika kwenye mapazia. Ile sauti ya kukohoa ya AE-1 unapofyatua, kwa mfano, ni gia za kioo zilizokauka. Tone moja kwa sindano ndefu mahali penyewe linainyamazisha, matone matano yanahamia kwenye sumaku na kamera inaanza kukataa kufyatua.

Na tafadhali tusisafishe lenzi kwa spiriti ya vidonda. Nyingi huwa zimechanganywa na mafuta ya mbarika ili kulinda ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye kioo kama ukungu. Omba isopropili ya asilimia 99.

Kuhusu sponji za kuzuia mwanga, orodha ya vipuri kwa kawaida inakupa namba ya kipande na si unene wake, na kipande hakipo tena. Sponji ya poliyurethani huvunjwa na unyevu, ndiyo maana kamera zilizokaa Entebbe na Jinja kando ya ziwa hufunguliwa zikiwa na lami nyeusi badala ya sponji. Pima kina cha mfereji mwenyewe. Mifereji myembamba ya mlango hujazwa vizuri na uzi wa sufu mweusi, upande wa bawaba sponji ya milimita 1.5 hadi 2, na ya kioo milimita 2 hadi 3. Ikizidi unene, kioo hakipandi hadi mwisho na shata inakwama, na utaanza kuusaka ugonjwa usiokuwepo. Lami ya zamani ikwangue kwa kijiti cha meno chenye petroli ya laita, mapazia yakiwa yamefunikwa kwa karatasi.

Kuchapisha Nasser Road

Ukifika Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, usichape faili nzima. Masomo yasome kwenye skrini, chapa tu yale ya shata. Michoro ya vipande ichapwe A3, na umwambie mchapaji mapema kuwa hutaki ikatwe ukingoni, kwa sababu namba huishia pembeni. Kama faili ina kiolezo cha kukatia sponji, ichapwe kwa asilimia 100. Mashine ikiachwa ijipangie ukubwa inapunguza kidogo, na sponji yako inakuwa fupi. Pima mstari mmoja kwa rula ukiwa bado dukani. Chagua mashine ya leza, maana wino wa maji unayeyuka tone la kwanza la spiriti likianguka. Karatasi mbili za michoro zinazotumika kila siku zipigwe laminesheni, na juu yake uandike kwa kalamu ya kufutika skrubu ipi imetoka wapi.

Kamera ndogo za mfukoni

Kwa zile za plastiki za miaka ya 1980 na 1990 zenye flashi na mota, ushauri wetu ni kutolipia mwongozo hata ukipatikana. Michoro ni ya sakiti ambazo vipuri vyake ni vya kamera nyingine iliyokufa, na kazi inayowezekana ni kusafisha miguu ya betri, kubadilisha sponji na kutoa mchanga kwenye lenzi. Ya kujifunza kabla ya kuzifungua ni moja. Kapasita ya flashi hubeba volti 300 hivi hata betri zikiwa zimetolewa muda mrefu. Gusisha miguu yake na nyaya za balbu ya uzi ya volti 240, iwake na kuzima, kisha thibitisha kwa mita kwamba imeshuka chini ya volti 10. Bisibisi iliyolazwa juu ya miguu hiyo inafanya kazi pia, lakini inachoma ncha na inaweza kuondoka na sakiti nzima.